Mbovu Inajisema: Mkono wa Roboti na Karanga za Kongwa

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wakulima, Dodoma

Mbukwenyi!

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wangu, shikamooni. Mama zangu mliotoka Kongwa na Mpwapwa alfajiri ya leo, na ninyi wanafunzi mlioacha vipindi vya jioni, ahsanteni kwa kuja kumsikiliza binti yenu.

Mlipoingia mlangoni kila mmoja amepewa karanga tatu za maganda. Waliokwisha kula waletewe nyingine, ndoo bado ina karanga. Sasa naomba kila mtu achukue moja, afumbe macho, aimenye. Taratibu, hatushindani. Punje ziacheni kiganjani.

Fumbueni macho, tuangalie mlichofanya. Kidole gumba kilipapasa kikaukuta mshono wa ganda bila kuonyeshwa. Mkabana, mkasikia ganda linaitika, na palepale mkapunguza nguvu, kwa sababu nguvu iliyovunja ganda ingeendelea kidogo tu ingepasua na punje. Mkageuza ganda vidoleni, punje zikadondoka, na kabla ya kufumbua macho kila mmoja wenu alishajua kama ni mbili au tatu, na kama mojawapo imesinyaa. Yote hayo ni sekunde chache. Kazi yangu ya shahada ya uzamivu, ambayo sasa ina mwaka wa nne, ni kuifundisha mashine kufanya jambo la namna hiyo. Mkono huu wa roboti mnaouona hapa mezani una bei kubwa kuliko nyumba niliyozaliwa, na hauwezi kumenya karanga.

Nianze na sababu iliyoniingiza humu. Nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa anachambua karanga za mbegu usiku, koroboi iko kati yetu, mimi nasoma kwa mwanga huohuo. Mafuta ya taa yakaisha. Nikafunga daftari. Mama hakusimama. Nilimsikia gizani: karanga zinachakarika kwenye ungo, kimya kidogo, halafu kitu kinagonga kopo. Zinachakarika, kimya, kopo. Nikapitiwa na usingizi sauti ile bado inaendelea. Asubuhi nililichungulia kopo nikakuta vijiwe, punje zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa, na zile nyepesi zenye ukungu. Nikarudi kwenye ungo kutafuta mbovu zilizompita. Nilipata mbili kwenye ungo mzima. Nikamuuliza amejuaje gizani, akaniambia, "Mbovu inajisema."

Nimesoma hesabu, nimesoma uhandisi, nimevuka bahari, na bado naitafuta maana ya maneno hayo mawili.

Roboti za viwandani si jambo jipya. Mwaka 1961 kiwanda kimoja cha magari cha General Motors katika jimbo la New Jersey, Marekani, kilianza kutumia mkono wa roboti ulioitwa Unimate. Aliyeubuni ni George Devol, na aliyehangaika mpaka ukanunuliwa ni Joseph Engelberger. Ulikuwa unatoa vipande vya chuma vya moto kwenye mashine ya kusubu, kazi iliyokuwa ikiunguza watu. Ulikuwa na nguvu, haukuchoka, na ulikuwa kipofu. Kipande kikikaa nusu shubiri pembeni ya mahali pake, mkono ulikwenda palepale ulipoagizwa ukafumbata hewa. Mikono mingi ya viwandani imeishi hivyo kwa miaka mingi: dunia inapangwa ili kumfaa kipofu, kila kitu mahali pake, kila siku vilevile.

Akili ya kuhesabu ilikuja haraka zaidi. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Ukitazama picha za siku zile utaona mtu ameketi mbele ya Kasparov, anasoma skrini, kisha anaunyanyua mkono wake mwenyewe na kusogeza vipande kwa niaba ya kompyuta. Wengi waliitazama kompyuta. Mimi kila nikiona picha hizo humtazama yule mtu, kwa sababu yeye alikuwa anafanya sehemu ambayo kompyuta haikuifanya.

Niwaletee nyumbani. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Kuiandikia kompyuta programu ya kuhesabu mitaji ya bao kunawezekana, mwanafunzi mzuri wa hapa ataifanya. Lakini mtazameni mzee anapocheza. Anazikomba kete shimoni kwa ncha za vidole bila kuacha hata moja. Anazifumbata. Halafu gumba linaziachia moja moja, shimo kwa shimo, na macho yake hayapo kwenye mkono, yapo upande wa mpinzani, yanatafuta pa kula. Zikibaki mbili anajua ni mbili. Hazihesabu kwa macho, anazihesabu kwa ngozi. Mwaka 1988 mtafiti Hans Moravec aliandika kwamba ni rahisi kuifanya kompyuta icheze drafti kama mtu mzima, lakini ni vigumu mno kuipa uwezo wa kuona na kujisogeza alio nao mtoto wa mwaka mmoja. Mtoto wa mwaka mmoja anayeokota punje ya mahindi sakafuni na kuitia mdomoni anamkimbiza mama yake, na ananikimbiza na mimi.

Sasa roboti inaonaje? Zamani ilipewa kamera ya kawaida, na picha ya kawaida haisemi kitu kiko mbali kiasi gani. Mwishoni mwa mwaka 2010 kamera ya Kinect, iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta sebuleni, iliingia madukani kwa bei ambayo maabara ndogo ziliimudu. Ilikuwa inamwaga vitone vya mwanga usioonekana kwa macho yetu, kisha inavisoma vilivyopinda na kukadiria umbali. Watafiti waliipokea kwa furaha kubwa. Ina udhaifu wake. Bilauri ya kioo inapitisha ule mwanga, sufuria inayong'aa inaurusha kwingine, kwa hiyo kwenye picha vitu hivyo vinakuwa mashimo matupu. Na jua linauzima. Nilipokuja likizo nilibeba kamera ya jamaa hiyo nikaenda nayo kwenye shamba la mizabibu saa sita mchana. Maabara ilikuwa inanionyesha hadi mkunjo wa kitambaa. Chini ya jua la Dodoma kichala cha zabibu kilichokuwa mbele ya pua yangu kilitokea kama wingu lililotobolewatobolewa. Nilikaa chini ya mti nikakokotoa upya mpango wangu wa mwaka mzima.

Baada ya kuona kuna kushika, na hapo ndipo penye neno kujifunza. Hatuandiki tena kila hatua ya mkono, maana hatuzijui. Muulize mama anayepepeta afanye nini kiwiko chake, atakuonyesha, hatakuambia. Kwa hiyo tunaiachia mashine ijifunze yenyewe kwa mifano, kwa kutumia mitandao ya neva bandia, ambayo ni hesabu ndefu zenye namba nyingi zinazorekebishwa kidogo kidogo kila jibu linapokosewa.

Njia moja ni kujaribu na kukosea. Mwaka 2016 watafiti wa Google walieleza jinsi walivyopanga mikono ya roboti, kufikia 14 kwa pamoja, ikachovya kwenye mabeseni ya vitu mbalimbali na kujaribu kushika zaidi ya mara 800,000 kwa muda wa miezi miwili hivi. Njia nyingine ni kuiumba dunia ya mfano ndani ya kompyuta. Mwaka uliofuata wenzetu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliifundisha programu yao ya Dex-Net 2.0 kwa mifano milioni 6.7 ya vitu vya kuigiza, halafu wakaipeleka kwenye mkono wa kweli. Hizo ni kazi kubwa na naziheshimu, ila mnaona wenyewe kwamba hapa Dodoma hatuna mikono 14 ya kuharibu wala umeme wa kuiwasha miezi miwili.

Njia ya tatu ndiyo yangu: kuiga. Mtu anaushika mkono mmoja wa mashine na kufanya kazi, mkono wa pili unafuata, kamera zinarekodi. Baadaye roboti inajaribu kurudia yenyewe. Mwaka 2023 ilionyeshwa mashine iitwayo ALOHA, ya bei nafuu ukilinganisha na nyingine, iliyojifunza kazi za ustadi wa vidole kama kupachika betri kwa mifano ya dakika kumi hivi, na ikafaulu mara nane au tisa kwa kila kumi. Niliposoma habari hiyo nililala saa tisa usiku.

Kuiga kuna mtego wake, na mama zangu mnaujua kuliko mimi. Mtoto anayejifunza kutwanga anamtazama mama ambaye mchi wake haukosei kinu. Anaona kupatia tu. Siku mchi wake unapogonga ukingo, hajawahi kuona mtu akijirekebisha kutoka pale, na kosa dogo linazaa kubwa, mtama unamwagika. Roboti ni hivyohivyo. Ikipotoka kidogo inajikuta mahali ambapo mwalimu hakuwahi kufika, na kutoka hapo kila hatua inaipeleka mbali zaidi. Dawa yake ni mwalimu kurudi, kusimama pembeni wakati mwanafunzi anakosea, na kumwonyesha namna ya kurudi njiani. Na jueni hesabu hii ndogo: kazi yenye hatua kumi, kila hatua ikifaulu mara 95 kwa mia, kazi nzima inafaulu mara 60 tu kwa mia. Kwa hiyo mtu akiwaonyesha video ya roboti inayokunja shati, muulizeni imerudiwa mara ngapi, na shati ni la nani.

Nije kwenye mguso, maana ndiyo tasnifu yangu.

Mwaka 1979 Roland Johansson na Åke Vallbo wa Sweden walikadiria kuwa ngozi ya kiganja na vidole vya mkono mmoja wa binadamu ina vipokezi vya mguso vipatavyo 17,000. Baadaye Johansson alifanya onyesho ambalo huwa nawaonyesha wanafunzi wangu wote: mtu anachukua njiti kwenye kiberiti na kuiwasha, kazi ya sekunde chache. Kisha anapigwa ganzi ncha za vidole. Macho yake ni yaleyale, misuli ileile. Anaangusha njiti, anaokota, inamponyoka, anaigeuza vibaya. Mkono unageuka kuwa wa mtu mgeni. Mikono mingi ya roboti duniani inafanya kazi ikiwa na ganzi hiyo maisha yake yote.

Kwenye vidole vya mkono huu nimefunga kihisi cha aina iliyoanzia chuo cha MIT mwaka 2009, kwa kazi ya Micah Johnson na Edward Adelson, ikaitwa GelSight. Ni jambo la ajabu kwa urahisi wake. Kuna kipande cha mpira mlaini unaopitisha mwanga, kama jeli iliyoganda. Uso wake umepakwa rangi. Nyuma yake kuna taa ndogo za rangi tofauti na kamera. Kitu kikigusa, mpira unabonyea na kuchukua umbo lake, mwanga unaanguka kwa pembe tofauti, na kamera inaona mbonyeo ule. Nitakapomaliza mtakuja kubonyeza, na mtaziona kwenye skrini alama za vidole vyenu, mistari yote. Kidole kinaona kwa kuguswa. Karanga ikibonyezwa pale, mikunjo ya punje iliyosinyaa inatokea wazi, na punje inapoanza kuteleza tunaiona ikianza, kabla haijaanguka.

Basi nikafurahi, nikajua nimeyapata maneno ya mama. Mashine yangu nilikuwa nimeifundisha kwa karanga za dukani huko ninakosoma, zilizooshwa, za ukubwa mmoja. Nikaja nayo nyumbani, mama akaleta ungo. Karanga za Kongwa zina vumbi jekundu, nyingine zina udongo ulioganda, nyingine ni ndogo kama kunde. Mkono uliziita mbovu karibu zote. Na kufikia siku ya tatu mchanga ulikuwa umekwaruza ule mpira mpaka kihisi kikawa kinaona mikwaruzo yake chenyewe.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anatazama. Akasema, "Hii imefundishwa kwingine."

Wazee waliopo hapa mnajua kwa nini sentensi ile ilinichoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Vita vilikuwa vimekwisha, kwao mafuta ya kupikia yalikuwa haba, wakaitazama ramani wakaona ardhi pana. Yakaja matrekta, mengine yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya vita. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, na zilizopandwa hazikufika 10,000. Mibuyu iliyashinda matrekta. Udongo ulipokauka uligeuka mgumu kiasi kwamba karanga zilikwama ardhini. Mvua ikawa haitabiriki, kama kawaida yake huku kwetu. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, umeshameza kiasi cha pauni milioni 36. Kila walichokosea kuhusu mvua na udongo wa Kongwa kilikuwa kinajulikana na watu waliokuwa wanalima pale. Na mimi, mjukuu wa watu hao, nilikuwa nimekuja na mashine iliyofundishwa kwingine, tena kwa karanga.

Tangu siku hiyo swali langu limebadilika. Mwaka 2023 vyuo na maabara nyingi ziliunganisha kumbukumbu zao zikawa hazina moja ya mifano zaidi ya milioni moja, kutoka aina 22 za roboti. Ni hazina ya wazi, nami naitumia, nawashukuru. Nimekaa usiku mwingi nikiitazama. Nimeona droo zinafunguliwa, vikombe vinahamishwa, vitambaa vinakunjwa, matofali ya kuchezea yanapangwa. Katika nilizotazama sikukuta ungo. Sikukuta kinu, wala mtu anayepogolea mzabibu, wala anayepukuchua hindi kwa hindi. Roboti zitakazojifunza humo zitakuwa stadi wa droo.

Na angalieni lugha. Siku hizi mifano mingi inaandikiwa sentensi ili roboti ielewe inachoagizwa. Kwenye sentensi hizo kitenzi kimoja cha Kiingereza kinabeba kazi nyingi. Sisi tunda tunalichuma, kilichoanguka tunakiokota, kilichobanwa tunakichopoa, nyama kwenye mfupa tunainyofoa, unga tunauchota, maji tunayateka, kete tunazikomba. Kila kitenzi hapo ni umbo tofauti la mkono na kipimo tofauti cha nguvu. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa kidato cha pili alituandikisha ukurasa mzima wa vitenzi vya mkono, na leo ukurasa ule ni sehemu ya tasnifu ya uhandisi. Tumeanza kuandikia mifano yetu kwa Kiswahili, na naamini itaisaidia mashine kutofautisha mambo ambayo picha peke yake haiyatofautishi.

Kwa nini nihangaike na karanga? Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo inatoka kwenye ukungu, haina ladha ya kukuonya, kupika hakuimalizi, na inashika karanga pia. Kukausha vizuri na kuhifadhi vizuri ndiyo kinga ya kwanza, na mashine yangu haitachukua nafasi ya turubai la kuanikia. Lakini kuondoa punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa kunapunguza sumu kwenye zilizobaki. Wanaofanya hivyo ni mama zetu, wameinama siku nzima, na kiuno chao hakiandikwi kwenye bei ya gunia.

Jana mama mmoja aliniuliza swali mbele ya watu: "Ukishaifundisha hiyo, sisi tutachambua nini?" Sikutaka kumpa jibu jepesi, na leo silitoi. Viwanda vikubwa tayari vina mashine zinazochagua punje kwa rangi na kupuliza mbovu kwa hewa, kwa hiyo ushindani ulianza kabla yangu. Ninachoweza kuahidi ni kile kilicho mikononi mwangu. Atakayerekodiwa atalipwa kwa siku, kama mwalimu, kwa sababu ndicho alicho. Ataelezwa video inakwenda wapi, na akikataa baadaye itafutwa. Kikundi cha wachambuzi kitakuwa na sauti kuhusu nani aitumie. Na cha kwanza tunachokijenga ni kifaa kidogo cha mezani cha kumsaidia mchambuzi, kinachopitia kwa mara ya pili karanga alizokwisha kuchambua, ili zile mbili zilizompita mama yangu gizani zipatikane. Kama mkiona nakwenda kinyume na haya, mnajua kwetu ni wapi.

Wanafunzi, anayetaka kuingia kwenye kazi hii aje na hesabu ya matriksi na uvumilivu. Roboti ya kuanzia inaweza kutengenezwa kwa mota ndogo na plastiki, nimewaachia walimu wenu michoro.

Mengine nitayajibu tukiwa tumesimama hapa mezani. Kabla ya hapo nilikuwa na ombi kwa babu aliyekaa mstari wa mbele, aliyenifunga bao mara tatu jana jioni. Babu, shikamoo tena. Ubao uko hapa, kete zote 64 zimo, na kamera mbili zinatazama mikono yako tu, uso hautaonekana. Cheza kama unavyocheza siku zote, na ukikosea usirudishe, endelea. Karibu, uanze wewe.